Kupumzika Bila Kusalimia

Miguu inaniuma ninapoandika haya, na si mimi niliyekimbia. Aliyekimbia ni binti yangu, kitindamimba, niliyemzaa wakati watoto wa kaka yake mkubwa tayari wananiita bibi. Mimi nilikuwa nasimama tu. Lakini kama hujawahi kusimama barabarani asubuhi ya Juni hapa Akheri, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, mtoto mgongoni, unasalimia kila anayepita, mmoja baada ya mwingine, mpaka taya linachoka, basi usiniambie kusimama si kazi.

Nianze na yeye, maana mimi nikianza na mimi sitamaliza.

Binti yangu anakimbia tangu shule ya msingi. Alipomaliza sekondari alichukuliwa kwenye kambi ya wakimbiaji iliyoko upande wa pili wa mlima, upande wa Waarusha, ambako ng'ombe ni wengi kuliko migomba na vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi. Kambi kwa mkimbiaji ndiyo kila kitu. Unalala pale, unakula pale, viatu unapewa, mashindano yakitokea unapelekwa, na ukifanya vizuri wapo wanaokuja kutafuta vijana wa kuajiri. Nje ya kambi unakimbia peke yako kama mtu aliyeibiwa kuku, na hakuna anayekuona.

Kisha akapata mimba. Hapo sina maneno mengi. Baba wa mtoto yupo Olasiti, anaendesha bodaboda, si mtu mbaya, ni mtu wa kusahau tu. Akikumbuka analeta pampasi. Akisahau, tunafunga vitambaa kama tulivyofungwa sisi. Binti akarudi kwangu na tumbo lake, akajifungua, akanyonyesha, na mtoto alipoweza kukaa mwenyewe bila kuangukia pua, akavitoa viatu vyake vya zamani chini ya kitanda na kuingia barabarani.

Alimpigia simu kocha wa kambi kuomba arudishwe. Aliweka sauti kubwa kwa sababu alikuwa ananyonyesha, kwa hiyo nilisikia yote. Kocha akasema, "Kwa huruma sikurudishi. Jifue, halafu uje uwanjani nikuone vipande."

Vipande ndivyo hivi, kwa anayesoma hapa na hajui. Mkimbiaji hafanyi mazoezi ya kukimbia moja kwa moja tu kama anayefukuza ng'ombe shambani. Kuna siku anakimbia kipande kwa kasi, kilomita moja hivi, halafu anajikokota pole pole kidogo ili moyo ushuke, halafu kipande kingine, anajikokota tena. Kocha alitaka vipande sita. Na sharti lake lilikuwa moja, kwamba kipande cha mwisho kifanane na cha kwanza.

"Sitaki kujua una kasi gani," alisema. "Wenye kasi ninao. Nataka kuona kama unajua kugawa."

Kugawa. Neno hilo nililielewa mimi kabla yake. Nimelea watoto saba na sufuria moja ya loshoro, ndizi na maziwa mgando, na nilijua mkono unavyotakiwa kuwa mgumu kwa sahani ya kwanza ili ya saba ipate kitu. Marehemu mume wangu, Mungu amlaze pema, hakujua kugawa hata siku moja. Akishika mwiko, sahani mbili za kwanza zinafurika, na wa mwisho anaambiwa akwangue ukoko. Ukoko ni mtamu, ni kweli, lakini mtoto hakui kwa ukoko. Binti huyu amemfuata baba yake. Akiwa na kitu mkononi, anakitoa chote.

Basi akaanza. Barabara yetu ina sehemu tambarare, kuanzia kanisani hadi kituo cha kukusanyia maziwa, na mwenye pikipiki mmoja alimpimia akasema ni kilomita na kidogo. Hapo ndipo alipofanya vipande vyake. Akitoka kanisani anakimbia mpaka kituo cha maziwa, anajikokota hadi darajani na kurudi, kisha anakimbia kuelekea kanisani, nusu ya njia anageuka kurudi kituoni, na kila kipande kikiisha ni darajani tena. Kocha alimwambia apumzike kwa kwenda umbali fulani na kurudi, na darajani ndipo umbali ulipotimia. Saa ya mkononi aliibonyeza akianza kipande, akaibonyeza akimaliza.

Alikuwa anarudi nyumbani anacheka peke yake. Ananionyesha ile saa na kidole kina jasho. "Mama, ona. Vyote sita sawa. Cha mwisho kimekuwa kikali hata kuliko cha kwanza." Mimi nasema asante Yesu, naendelea kuchambua maharage. Mtoto anamrukia, ananyonya maziwa yenye chumvi ya jasho na hajali.

Siku ya kwenda uwanjani, mjini, tulikwenda wote watatu, kwa sababu mtoto alikuwa bado hakubali chupa. Tulikuta vijana wa kambi wananyoosha misuli. "Shikamoo bibi," wakasema. Kocha naye akaja, Mwarusha mrefu, si kijana tena. Akamgusa mtoto kichwani kama wanavyofanya kwao, akaniita yeyo, maana yake mama, akaniambia nikae kivulini. Kivuli kilikuwa hakipo, nikakaa juani.

Firimbi ikalia. Binti akaruka.

Nikwambie ukweli, nilijivuna. Kipande cha kwanza alikwenda kama kikapu kimemponyoka mtoni anakifuata. Kijana mmoja nyuma yangu akasema, "Dada karudi na moto." Cha pili vilevile. Firimbi ya kupumzika, firimbi ya kuanza. Cha tatu nikaona mabega yamepanda mpaka masikioni. Firimbi ya kuanza cha nne ilipolia, bado alikuwa ameshika magoti. Aliondoka, lakini mikono ilikuwa inatafuta kitu hewani, na nusu ya njia akaanza kutembea, na baada ya kutembea akakaa kwenye majani. Akakaa tu, miguu mbele, kama mtu anayesubiri chai.

"Sista kakata moto," alisema yule kijana.

"Moto gani," mwenzake akamjibu, "kapoteza na kiberiti."

Niliwageukia nikawaangalia. Wakakumbuka viatu vyao vina kamba za kufunga.

Kocha alimwacha apate pumzi, kisha akachuchumaa karibu naye. Nami nilikuwa nimeshafika na mtoto.

"Nyumbani unafanya vingapi?"

"Sita, kocha. Vyote sawa. Saa ninayo."

"Mapumziko?"

"Kama ulivyosema. Naenda darajani na kurudi, pole pole."

"Dakika ngapi?"

Akaniangalia mimi, kana kwamba dakika nimezificha kwenye kanga.

"Mapumziko sipimi. Napima kukimbia."

"Na huko darajani uko peke yako?"

"Hapana. Asubuhi ile kuna watu wa maziwa."

"Unawapita?"

"Kocha, nitawapitaje watu wazima? Nawasalimia."

Kocha akatia firimbi mfukoni. Akacheka, lakini cheko la mtu aliyechoka. "Sisi kwetu mtoto anainamisha kichwa, mzee anamgusa, imekwisha. Nyie Wameru salamu zenu zina sura na aya. Hayo si mapumziko, mwanangu. Hiyo ni ziara."

Hapo ndipo na mimi nilipoona, na nikajiona mjinga, kwa sababu kila siku nilikuwa nampa mtoto uji huku nikijua kabisa barabara ile inavyokuwa asubuhi. Watu wote wa juu wanateremsha maziwa. Hakuna kijana wa kwetu anayempita mtu mzima na ndoo yake bila shikamoo. Na shikamoo ni mlango tu. Ukijibiwa marahaba unaulizwa umeamkaje, mama ameamkaje, ng'ombe yule aliyekuwa hali amekula, mvua huko kwenu imenyesha. Na kwa kuwa binti ametoka kujifungua, kila mama anataka habari za mtoto, meno mangapi, anaharisha au haharishi. Yeye anasimama, anajibu kwa adabu kama nilivyomfundisha mwenyewe. Wakati huo moyo wake umeshakaa kitako kama mgeni aliyekaribishwa. Akiondoka hapo anakimbia upya. Kumbe hakuwahi kukimbia vipande sita. Alikuwa anakimbia kipande cha kwanza mara sita.

Na hakuna aliyedanganya. Salamu kwetu si kitu cha kupimwa kwa saa. Ungemuuliza ametumia muda gani kusalimia, ni sawa na kumuuliza ametumia muda gani kupepesa macho.

Kocha akasimama. "Nakupa mara moja tena, na mapumziko ni dakika mbili kwa saa. Mwezi ujao kambi inafunguliwa, nafasi ya mwanamke imebaki moja. Wapo wasichana wawili wanaitaka. Usiponionyesha, nachukua mmoja wao, na simu usinipigie."

Nyumbani hakula. Alisema ataenda kwenye mashamba ya maua, kukata waridi, kama mke wa kaka yake. Kazi ile si aibu, wengi wanakula kwayo. Lakini nimeiona mikono ya mkwe wangu jioni, anavyochomoa miiba kwa pini chini ya taa, na nimeona binti yangu anavyokimbia. Nikamwambia, "Mwezi haujaisha."

Tatizo likawa namna ya kupumzika bila kusalimia. Akisema aende alfajiri kabla watu hawajatoka, huku kwetu hakuna kabla. Kuna wanaokamua na taa. Akienda kwenye mashamba ya kahawa ni matope. Kukimbilia uwanjani mjini kila mara ni mbali, na mtoto je. Akasema atavaa vile vidude vya masikioni ajifanye hasikii. Nikamwambia siku utakayompita baba yako mkubwa na vidude masikioni, usirudi hapa na jina la baba yako.

Mtoto anagonga kijiko kwenye sufuria. Kisha mdomo wangu ukasema kitu ambacho kichwa kilikuwa hakijakipima. "Nitakusalimia mimi."

"Utanisalimia mimi?"

"Watu. Nitawasalimia watu kwa niaba yako. Wewe pita."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kusimama kati ya kituo cha maziwa na daraja, kila siku ya vipande. Najifunga mtoto mgongoni, kanga mbili na sweta la marehemu juu, naenda kusimama. Binti anatokea kwenye ukungu anahema kama mashine ya kusaga, anapita pembeni yangu mwendo wa kobe, mimi namrukia yule anayekuja na ndoo.

"Shikamoo mama," nasema, kama ni mkubwa kwangu. "Binti anakusalimia, anaomba radhi, yuko kazini."

"Kazini wapi?"

"Hapo hapo anapopita."

Wengine walielewa, wengine walinihurumia, wakadhani binti amepata ugonjwa wa uzazi wa kumfanya asitulie. Mama mmoja wa kwaya alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini kama tumeshamwona mchungaji. Mwingine akasema, "Siku hizi mwanao anapita kama gari la wagonjwa." Nikasema ndiyo, na mimi ndiye king'ora.

Nilichoka. Salamu moja haichoshi, salamu za kituo kizima cha maziwa zinachosha kuliko kupalilia. Maana kila anayepokea salamu anakupa na yake, na huwezi kuikataa, na mimi sikuwa napumzishwa na firimbi ya mtu. Nilipata habari za mimba zote, kesi zote za mipaka, ng'ombe wote walioharibu mimba. Nikifika nyumbani sina neno la kumwambia hata paka. Mtoto mgongoni anazidi kuwa mzito kila wiki, maana yeye peke yake ndiye aliyekuwa ananenepa.

Mgumu kuliko wote alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, ambaye kwa binti ni baba mkubwa. Mzee wa kanisa, fimbo ya mpingo, maziwa yake lita mbili tu lakini anayapeleka mwenyewe ili aonane na watu.

"Shikamoo shemeji. Binti anakusalimia."

"Ananisalimia kwa mdomo wako?"

"Mdomo wake unahema, shemeji."

"Aliponyonya mdomo huo alikuwa hahemi? Mwambie asimame."

Nikamweleza habari za kambi, za kugawa, za moyo unaoshuka na usioshuka. Akasikiliza yote, akasema, "Asimame."

Siku iliyofuata alikuja akajipanga katikati ya barabara, fimbo mbele, ndoo chini. Binti alipomaliza kipande na kuja anajikokota, akamkuta. Mimi nilikuwa hatua chache nyuma na nikasema moyoni leo tumekwisha, maana akisimama mazoezi yameharibika, na akipita ukoo umeharibika.

Binti hakusimama na hakupita. Alianza kumzunguka. "Shikamoo baba mkubwa," akasema upande wa mbele. Mzee akasema marahaba, lakini aliposema alikuwa anaongea na migomba, binti ameshafika nyuma. Akageuka. "Umeamkaje mwanangu?" "Salama baba mkubwa, sijui nyumbani." Ameshapita. Mzee akageuka tena na fimbo yake. "Nyumbani hawajambo. Mtoto?" "Meno manne." "Na mama yako?" "Huyo hapo, baba mkubwa." Dakika mbili zikatimia, saa ya mkononi ikalia pii, binti akaondoka kwa kasi kuelekea kanisani, na mzee akabaki anayumba, ameshika fimbo kwa mikono miwili.

Watu wa kituo cha maziwa walikuwa wameacha kupimiwa. Nikamshika shemeji kiwiko asianguke.

"Nimekuwa mlingoti," alisema.

"Pole shemeji."

Akaokota ndoo. "Ana adabu," akasema, akiwa bado anatafuta upande wa kituo uko wapi. "Lakini asirudie. Nina presha."

Tangu hapo akawa ananyanyua fimbo tu binti akipita, na wengine walipoona mzee wa kanisa amenyanyua fimbo, wakanyanyua mikono. Kazi yangu ikapungua kidogo. Sikusema ikaisha.

Kwa kukimbia kwenyewe sasa ndiko kulikokuwa na machozi. Mapumziko yalipokuwa ya kweli, yale ya dakika mbili, vipande sita vilikataa. Alifika cha nne akakwama. Wiki ya pili, cha nne tena. Kocha akamwambia kwenye simu aanze taratibu zaidi, kipande cha kwanza akikimbie kama mtu aliyebakiza. Hilo ndilo lilikuwa gumu kwake kuliko maumivu. Aliona aibu. Akipita taratibu, akina mama wenye mikungu kichwani wanaoteremka Tengeru sokoni wanamwambia, "Leo umepungua," na yeye anaongeza palepale. Nikimwona anatoka kanisani najua tayari siku imeharibika, kwa jinsi anavyoinua kidevu.

Nilimwambia habari za kwaya. Niliimba sauti ya pili miaka mingi. Mwanzishaji akianzisha wimbo juu sana, ubeti wa kwanza kanisa zima linasisimka, wa pili mishipa ya shingo inatoka, wa nne unasikia kinanda peke yake. Aliyeanzisha ndiye anayelaumiwa, si waliomaliza.

"Mama, hii si kwaya."

"Najua si kwaya. Kwaya tungekuwa tumekaa."

Hatukusemezana mpaka jioni. Ndivyo tulivyokuwa mwezi ule, watu wawili waliochoka wanaosukumana kwenye jiko moja. Yeye anaamka usiku kunyonyesha, mimi naamka kwa sababu yeye ameamka. Alinijibu vibaya, nami nilimjibu vibaya. Siku moja nilimwambia mimba yake ndiyo imenifanya kibao cha barabarani katika uzee wangu. Akasema kama naona ni mzigo aache. Nikasema acha. Kesho yake alivaa viatu, nami nikafunga mtoto mgongoni. Hakuna aliyeomba msamaha, tulikuwa tumechelewa.

Kilichomtuliza si maneno yangu. Ni uchovu wenyewe. Wiki ya tatu mtoto alikuwa anaota jino, hatukulala, na asubuhi binti hakuwa na nguvu za kuinua kidevu. Alitoka kanisani taratibu kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Akina mama wa mikungu wakamsema, hakusikia. Kipande cha pili taratibu hivyo hivyo. Cha tano nikamwona anakuja, nikasubiri mabega yapande, hayakupanda. Cha sita alikimaliza, akanipita pale darajani, uso mweupe kwa ukungu na jasho, akaniangalia kama mtu aliyefika mahali akakuta mlango ulikuwa wazi siku zote. Hakuangalia hata saa. Mimi nilikuwa katikati ya habari za ng'ombe wa mtu, nikashindwa kumsikiliza huyo mtu.

Mara ya pili uwanjani walikuwa watatu, yeye na wale wasichana wawili wanaoitaka nafasi. Wadogo, miguu mirefu, hawana mtu anayewasubiri pembeni anyonye. Firimbi ikalia, wakaondoka wakamwacha. Wakamwacha mbali. Nilimwona anawaangalia migongo yao, nikajikuta nimeshika kanga kwa meno. Akashusha macho, akaendelea na mwendo wake ule wa aibu. Cha pili vilevile. Cha tatu wale walikuwa mbele lakini si mbali tena.

Hapo mtoto akamwona mama yake. Alikuwa amelala mgongoni, akaamka, akamwona anapita, akaanza kulia. Si kulia kwa kudeka. Kulia kwa mwenye haki yake. Nikampa biskuti akaitupa. Binti alipozunguka tena upande wetu nikaona kichwa kimegeuka, na hatua ikabadilika, ikawa fupi, ya haraka. Nilijua atafanya moja kati ya mawili, atakimbilia kumaliza au ataacha. Sikusubiri. Nikanyanyuka na magoti yangu haya, nikatoka getini na mtoto, nikaenda mpaka nyuma ya ukuta anakouza mtu mahindi ya kuchoma.

Kwa hiyo sikuona. Kitu nilichokisimamia mwezi mzima sikukiona. Nilisikia firimbi tu. Firimbi, kisha kimya kirefu, kisha firimbi. Nikamwimbia mtoto, nikampa punje za mahindi nilizozitafuna mwenyewe. Sikujua nani yuko mbele, nani amekaa kwenye majani. Muuza mahindi akaniuliza, "Bibi, mbona unatetemeka?" Nikamwambia ni baridi, na jua lilikuwa linawaka.

Firimbi ya mwisho ililia ndefu. Nikakaa kidogo kwanza. Sikutaka kufika.

Nilipoingia, msichana mmoja alikuwa amelala chali, mwenzake anatapika pembeni. Binti yangu amesimama, mikono kiunoni, anahema. Kocha akaja kwangu kabla yake, saa imening'inia shingoni.

"Yeyo, amegawa," alisema. "Cha mwisho na cha kwanza ni ndugu."

Nikasema asante, kama mtu aliyeongezewa chumvi.

"Kambi ni Jumatatu," akaendelea, na sauti ikabadilika. "Mtoto haruhusiwi. Utaratibu si wangu."

Hilo tulilijua. Tulilijua tangu siku ya kwanza, na mwezi mzima hakuna aliyelisema, si yeye wala mimi. Binti alikuwa ameshamchukua mtoto, amekaa chini, anamnyonyesha na miguu inamtetemeka, misuli inaruka yenyewe chini ya ngozi. Hakuninyanyulia macho. Akaniuliza akimwangalia mtoto, "Mama, utaweza?"

Ningeweza kusema maneno ya akina mama. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Mgongo wangu siujui kesho utaamkaje. Nikamwambia nimechoka, na nimechoka toka zamani, kabla yake, na aende hivyo hivyo.

Akaenda. Jumatatu, kabla hajaondoka, nilipaka shubiri kwenye kidole nikampaka binti kwenye titi, mtoto akaonja mara moja akanitazama mimi, si mama yake, akajua nani amefanya. Alilia siku tatu. Siku ya nne akakubali kikombe.

Sasa anatembea. Ananifuata kutoka jikoni hadi bandani, ameshika pindo la kanga, na mimi natembea kwa hatua zake kwa sababu zangu nazo zimekuwa za namna hiyo. Mama yake anakuja Jumapili moja moja, amekonda, ana viatu vipya, amekwishakimbia shindano moja akaingia wa sita na kocha ameridhika. Akija, mtoto anajificha nyuma yangu, anachungulia. Binti anacheka, anamnyooshea mikono, halafu anakwenda nyuma ya nyumba kama amesahau kitu.

Mimi mtoto ananiita mama. Namwambia, bibi. Anasema mama. Mwanzo nilikuwa namrekebisha kila mara, hasa Jumapili. Siku hizi akiita, naitika.